Watu wa Mahindi Katika Majlisi ya Posa

Mdogo wangu aliponiomba niwe msemaji wa posa ya mwanawe, laiti ningekataa. Badala yake nilijifukiza udi, nikavaa kanzu mpya.

"Kaka, wewe ndiye uliyesoma," aliniambia. Nilimaliza sekondari tu, Unguja, lakini sifa tamu haziulizi cheti. "Kazi yenyewe nyepesi. Ukipewa kahawa, usiinywe. Iweke chini. Watakuuliza kulikoni, useme tuna haja. Wakiikubali ndipo unywe. Ukinywa kabla, umesema huna haja."

"Unanifunza mimi posa?"

Ilikuwa katika miaka ya tisini. Siku hizo nilikuwa nimenunua sokoni Ruwi, katika mji huu wa Kiarabu tunaokaa, kitabu kilichotumika, kinachohusu Wamaya, watu wa Amerika ya Kati. Kilinilevya. Mke wangu alikuwa hawezi kukanda unga bila ya mimi kumtolea darsa, mpaka akasema, "Bwana, wewe kula chapati, hao Wamaya niachie."

Tulikwenda mtaa wa Darsait, nyumbani kwa baba wa binti. Mwanamume mzito, mcha Mungu, na ilisemekana binti yake alikuwa akimpenda sana mtoto wetu, ila baba ndiye aliyekuwa akisitasita. Majlisini, chumbani mwa wageni, nikamiminiwa kahawa, nikaiweka chini vizuri kabisa. Mdogo wangu akashusha pumzi.

Lakini baba hakuuliza kitu. Alikuwa akimngoja kaka yake, yuko njiani anatoka kijiji cha Sidab. Tukakaa kimya, na mimi kimya cha majlisi sikiwezi.

"Unafanya nini siku hizi, sheikh?" mwenyeji akauliza, kwa adabu tu.

Masikini, hakujua alilolifungua. Nilimweleza kuwa Wamaya walisimulia jinsi miungu yao ilivyojaribu kuumba watu. Kwanza kwa udongo: wakalainika, wakamomonyoka. Kisha kwa mti: wakatembea, wakazaa, lakini hawakuwa na moyo wala hawakuwakumbuka waliowaumba. Ikaja gharika, na vyungu vyao, mbwa wao na mawe yao ya kusagia vikawageukia: mlitusaga kila siku, leo tunakusageni nyinyi! Waliosalia wakawa nyani. Mwisho wakaumbwa watu wa kweli kwa unga wa mahindi.

"Astaghfirullah," alisema mwenyeji. "Watu wa ugali?"

Majlisi nzima ikacheka, hata mdogo wangu. Hapo ilinipasa ninyamaze.

"Na nani aliyeyaandika hayo?" mwenyeji akauliza.

"Wenyewe, baada ya Wahispania kuwateka. Mapadri walivichoma vitabu vyao, basi wakaandika upya kwa herufi za yule yule aliyewachomea."

"Ala! Basi udongo huo na gharika hiyo wamevichukua kwa mapadri. Wameibia, wakaongeza unga."

"Hawakuibia! Yalikuwa yao tangu hapo."

"Ulikuwepo?"

"Nnakwambia, sheikh, mwizi gani huiba udongo akaubomoa? Wangeiba, wangeuacha usimame!"

Mdogo wangu alinifinya paja. Nikadhani ananipongeza. Nikatoa hoja ya pili na ya tatu, koo likanikauka, na katikati ya hoja ya nne, bila ya kutazama, nikakinyanyua kikombe nikakimaliza. Tena nikakinyosha niongezwe.

Mwenyeji alinitazama kama mtu aliyeteremshiwa faraja.

"Umekunywa, sheikh. Alhamdulillahi, kumbe mlikuja kutuzuru tu."

"Ana kiu!" mdogo wangu akapiga kelele. "Hesabuni kuwa ni maji!"

"Mimi sikumshika mkono," alijibu mwenyeji, akatusogezea halua.

Kaka yake wa Sidab alipoingia, alitukuta tunaila, sisi tumeinama kama wafiwa.

Garini mdogo wangu alisema neno moja: "Kaka, walikuwa Wamaya wako au mwanangu?"

Kabla ya Ramadhani binti aliolewa kwingine. Mtoto wetu alihamia Dubai, akaacha kunipigia simu. Mdogo wangu hakuikanyaga tena nyumba yangu. Nilimwendea mara nyingi kumwomba radhi, akiniitikia salamu tu, na alikufa bila ya kunisamehe. Sikuwa na ndugu mwengine.