Ule mwisho wa filamu ya mahakama mnaobishania niliutunga mimi, huku Kalundu

Wakuu, nawasalimu kutoka Uvira. Ziwa limechafuka tangu asubuhi, boti zangu mbili zimefungwa bandarini Kalundu, ndiyo maana leo nina muda wa kuandika.

Nimesoma uzi wa yule mdau kuhusu ile filamu ya zamani ya mahakamani, ya yule director mzee aliyejulikana kwa mambo ya farasi na bunduki. Page sita mnatukanana.

Wengine mnasema mshtakiwa alinyongwa.

Wengine, na nimeangalia vizuri, wote ni watu wa Uvira na Bujumbura, mnaapa kwamba mke wake alisimama nyuma ya ukumbi, akaongea na juji, na jamaa akaambiwa arudi nyumbani.

Mdau mmoja akaandika: "Huyo mke anayesimama yuko version gani? Nimeangalia hii movie mara nne, hayupo. Aliyewaambia hivyo ni mwongo."

Mkuu, huyo mwongo ni mimi.

Ninayoandika hapa yana mashahidi, na wengine wako humu humu wanasoma kimya. Nikiongeza chumvi wanikatize.

Kwanza mnijue. Shule niliachia darasa la tatu. Leo nina boti mbili, nina depo ya simenti Kalundu, na nyumba ya ghorofa Kilibula ambayo ramani yake niliichora mwenyewe kwa kijiti mchangani, fundi akafuata. Mainjinia wanapita wanaitazama. Sijisifu, natoa taarifa tu.

Lakini kabla ya hayo yote nilikuwa mtafsiri wa video.

Vijana wa siku hizi hamjui hiyo kazi. Ilikuwa mwisho mwisho wa enzi za Zaire. Asubuhi nilibeba magunia bandarini, saa nane mchana nilikuwa kwenye ukumbi wa Papa Étienne. Ukumbi gani sasa? Mbao, mabati, benchi kumi na mbili, televizyo moja juu ya meza, na jenereta nyuma inayokohoa kama mvuta tumbaku. Harufu ya ndagala, dagaa wa ziwa, waliokaushwa nje iliingia mpaka ndani. Ukifumba macho leo ukanipa ile harufu, nalia.

Filamu zilikuja kwa Kiingereza, mara chache kwa Kifaransa. Watu hawakusikia kitu. Kwa hiyo mtu mmoja alisimama pembeni ya televizyo anasema kwa Kiswahili kila kinachosemwa.

Huyo mtu nilikuwa mimi, na hakuna aliyenifikia kutoka Kalundu mpaka Luvungi. Siku za soko watu wa Luvungi walishuka na magari ya mihogo, wakimaliza kuuza wanauliza, "Leo nani anatafsiri?" Wakisikia si mimi, wanapanda gari wanarudi.

Sasa siri. Kiingereza sikujua hata neno. Kifaransa changu kilikuwa cha bandarini: beba, shusha, weka saini hapa.

Nilikuwa natazama macho. Mtu akisema uongo anatazama wapi, akipenda anatazama wapi. Na wote niliwapa majina ya Kalundu. Jambazi nilimpa jina la karani mmoja wa bandari aliyekuwa na roho mbaya. Ukumbi mzima unacheka, na karani mwenyewe yuko benchi ya tatu, anacheka pia.

Basi siku moja Papa Étienne akavuka kwenda Bujumbura, akarudi na kaseti. Kwenye ganda kuna picha ya farasi na mwanaume mwenye kofia. Akatangaza mtaa mzima: filamu mpya ya cowboy, ya yule yule mzee!

Jumamosi ukumbi ukajaa mpaka wengine wakakaa chini.

Farasi alionekana dakika mbili. Halafu watu wakaingia kwenye nyumba ya mahakama, wakakaa, wakaanza kuongea.

Wakaongea.

Wakaongea tena.

"Bunduki iko wapi?" mtu akapiga kelele. "Étienne, hii ni misa ao ni filme?"

Benchi zikaanza kugongwa. Papa Étienne akanitazama kwa macho ya mtu anayezama. Ikabidi nifanye kazi. Nikawaambia huyu aliyekaa kwenye kizimba ni mfanyakazi, anashtakiwa kumuua patron, yaani tajiri wake, mwenye farasi. Hiyo kwa kweli niliipatia. Wakili mwembamba nikasema ndiye anayemtetea, kwa sababu nilijua maskini anatetewa na mtu aliyekonda. Yule mnene nikasema anataka anyongwe. Na yule mwanamke mwenye kofia nyeusi aliyekaa peke yake nyuma, nikasema ni mke wa mshtakiwa.

Ukumbi ukatulia. Mpaka wakaanza kubishana na televizyo. "Avoka," yaani wakili, "muulize pahali alikuwa!" Muone jinsi nilivyokuwa mtu wa maana.

Tatizo likaja mwisho. Juji, yaani hakimu, amevaa miwani, ameshika karatasi ya hukumu, anafungua mdomo, na kaseti ikafa. Sehemu ya mwisho ilikuwa imeliwa na mashine ya mtu mwingine huko ilikotoka. Sauti hamna, picha hamna, nyeupe tupu kama unga.

Nikaruka mbele ya televizyo, nikaificha kwa mgongo, nikaendelea kusema. Watu walitaka damu, nikawapa damu. "Juji anasema, huyu anyongwe kesho asubuhi!" Wakapiga makofi, wakatoka wameridhika.

Nje mlangoni alikuwa anakaa Mama Zawadi, anauza mikate ya kukaanga kwenye beseni. Siku zote tukitoka beseni liko tupu. Siku ile lilikuwa limejaa. Alikuwa ameweka sikio kwenye mbao tangu mwanzo, hakuuza hata moja.

Hapa lazima niwaambie. Mume wake, Baba Zawadi, alikuwa fundi wa injini za boti. Injini ya boti ya patron wake ilipotea, yeye akakamatwa. Alikuwa ndani wiki ya tano, anangoja tribunal, yaani mahakama. Kalundu nzima tulijua. Mimi pia nilijua, ila siku ile mdomo wangu ulikuwa mbele ya akili.

Akaniuliza, "Kwa hiyo bamemunyonga?"

"Bamemunyonga, Mama Zawadi."

"Ata muntu mumoja hakumusemea?"

"Mama, ni filme tu."

"Minye nimekuuliza kama ata muntu mumoja hakumusemea."

 Akabeba beseni lake kichwani, akaenda.

Kesho yake, Jumapili baada ya misa, tukarudia filamu ile ile kwa sababu watu waliisifu. Naangalia benchi ya mbele kabisa, namuona Mama Zawadi. Hajawahi kuingia ndani tangu nimjue. Amevaa kitenge cha kanisani, mikono ameiweka magotini.

Wakuu, filamu nzima nilitafsiri jasho linanitoka. Ikafika pale pa juji na karatasi. Nyeupe. Nikaruka mbele ya televizyo, mgongo kwa watu, nikajikuta nasema:

"Ngoja! Yule mwanamuke wa kofia amesimama! Anasema, 'Juji, minye niko hapa. Hakuna muntu ameniuliza.' Juji anavua miwani. Anasema, 'Basi sema, Mama.' Mwanamuke anasema yote anayojua juu ya bwana yake. Juji anakunja karatasi. Anasema, 'Huyu muntu arudi nyumbani kwake!'"

Ukumbi mzima ukasimama, watu wanapiga kelele na kukumbatiana. Papa Étienne mwenyewe alifuta macho, akasema ni moshi wa jenereta.

Mmoja tu, mbeba mizigo mwenzangu, akapaza sauti: "Ehe, weye! Jana si ulisema bamemunyonga?"

Nikamjibu hapo hapo: "Jana ilikuwa tribunal ya chini. Leo bamekata rufaa!"

Wakacheka, yakaisha. Akili kama hiyo haifundishwi darasani.

Mama Zawadi akarudi Jumatatu. Akarudi Jumatano. Akarudi Ijumaa. Kila mara benchi ya mbele, kila mara nikamrudishia yule mtu nyumbani. Nilianza kuogopa. Nilijua huyu mama ameshika maneno yangu kama maneno ya Biblia, na mimi niliyatoa hewani.

Ikafika siku ya tribunal. Nusu ya ukumbi wa Papa Étienne tulipanda mjini kutazama. Baba Zawadi analetwa, amekonda, shati limekuwa la mtu mwingine. Patron akaongea, mlinzi wa bandari akaongea. Juji akaanza kukusanya karatasi zake.

Namuona Mama Zawadi, nyuma kabisa, anasimama.

Moyo wangu ulianguka mpaka kwenye kandambili. Nikasema huyu atafungwa pamoja na mume wake, na aliyemfunga ni mimi.

Polisi akamshika mkono. Akasema kwa sauti yake ile ile ya kuuzia mikate, "Juji, minye niko hapa. Hakuna muntu ameniuliza."



Juji wa kweli hakuvua miwani, kwa sababu hakuwa nayo.  Akamwambia polisi, "Mwachilie." Halafu, "Sema, Mama."

Akasema. Siku injini ilipofunguliwa ikaibwa, mume wake alikuwa ameungua mikono yote miwili kwa maji ya moto ya injini nyingine. Mikono ilifungwa bendeji. Spana hakuweza kushika, hata ugali Mama Zawadi ndiye alimlisha kwa mkono wake. Na muuguzi wa dispansari aliandika kwenye daftari lake. Lile daftari hakuna aliyelitafuta, kwa sababu hakuna aliyejua.

Juji akaagiza daftari. Siku tisa baadaye Baba Zawadi alishuka Kalundu kwa miguu, na watu wakimfuata kama harusi.

Tangu hapo Mama Zawadi aliwaambia watu wote kwamba filamu ndiyo ilimrudisha mume wake. Watoto wakasikia, wajukuu wakasikia. Ule mwisho ukavuka mpaka Bujumbura. Ndiyo huo mnaobishania leo.

Miaka ikapita. Kaseti zikafa. Papa Étienne alifariki, kiwanja cha ukumbi nikakinunua mimi, ndipo ilipo depo yangu ya simenti. Baba Zawadi naye ametutoka. Mama Zawadi yuko Kilibula, nyumba ya tatu kutoka kwangu.

Sasa wiki iliyopita mdau mmoja akaweka link ya filamu nzima kwenye ule uzi. Nikakaa na binti yangu Neema, anayejua Kiingereza vizuri, maana mimi nilimsomesha. Hata nusu hatujafika ananiambia, "Papa, huyu mwembamba si wakili wake. Ndiye anataka anyongwe."

Nikamwambia tuendelee kutazama.

Mwisho ukafika, kwa mara ya kwanza maishani nikauona. Juji anasoma. Anyongwe. Yule mwanamke mwenye kofia nyeusi anasimama kweli, wakuu, anasimama! Halafu anageuka, anatoka nje, mlango unafungwa. Hajasema neno hata moja filamu nzima.

Kabla sijatulia, simu inalia. Ni Zawadi, binti wa Mama Zawadi, sasa ni mama mtu mzima. Ana furaha: "Papa, nimeipata ile filme! Dimanche baada ya misa nitamuonyesha mama kwenye simu."

Wakuu, mimi nimevuka ziwa kwenye dhoruba, nimegombana na watu wa forodha wakubwa wakubwa. Sijawahi kuogopa kama siku ile. Huyu mama ana miaka sabini na kitu. Atamuona mtu wake anahukumiwa kunyongwa.

Jumamosi nikaenda kwake na samaki wawili wakubwa, mikeke. Alikuwa anachambua maharage. Nikakaa chini, siyo kwenye kiti.

"Mama, kuko neno nataka kukuambia. Ile filme ya Papa Étienne. Ile mwisho... niliitunga."

Hakuacha maharage. "Gani, ya kunyonga ao ya kurudi nyumbani?"

"Zote mbili."

Akaanza kucheka. Akacheka mpaka maharage yakamwagika kwenye kitenge.

"Weye mutoto! Televizyo ilikuwa nyeupe kama unga wa mihogo. Ulizani mugongo yako ni kubwa? Ulikuwa umekonda kama fito! Minye nilikuwa benchi ya mbele, naona nyeupe huku na huku, na weye katikati uko unapiga kelele."

"Sasa juu ya nini ulirudi mara tatu?"

 Akasema, "Kila mara ulisema mwanamuke amesimama, batu bote banasimama banapiga kelele. Na minye nasimama nabo. Nilikuwa najaribu magoti yangu. Mara ya kwanza ilitetemeka. Ya pili ilitetemeka. Ile Ijumaa ikanibeba."

Niliangalia maharage. Miaka yote hii nimebeba lile neno kama gunia, na mwenye gunia alishajua halina kitu.

Nikamuuliza, "Mama, miaka yote hii, juu ya nini haukuniambia kama unajua?"

Akaokota harage moja lililoanguka, akalipuliza vumbi, akanitazama.

"Hakuna muntu aliniuliza."

Jumapili tuliitazama pamoja kwenye simu ya Zawadi. Ilipofika pale mwanamke anageuka kutoka, Mama Zawadi akamwambia yule wa kwenye simu, "Rudi weye, sema!" Hakurudi.

Kwa hiyo wakuu, wanaosema jamaa alinyongwa mko sahihi kwa filamu yenyewe. Wanaosema alirudi nyumbani mko sahihi kwa Kalundu. Yule director ni mkubwa, namheshimu, lakini hapo alikosea: alikuwa na mwanamke amekaa nyuma filamu nzima na hakumpa hata sentensi moja. Mimi wa darasa la tatu nilimpa. Nasema wazi, mwisho wangu ni bora kuliko wake.

Nilichojifunza ni kwamba kwenye kila ukumbi kuna mtu wa nyuma anayejua kilichotokea na anangoja tu aulizwe. Mimi mwenyewe nimechelewa kuuliza miaka karibu thelathini.

Basi leo nauliza. Nyinyi mliokaa kwenye zile benchi kumi na mbili, na mlio kwingine mliokuwa na watafsiri wenu: mlisikia mwisho gani? Na ile nyeupe, mliiona wote mkanyamaza?