Pilau ya Siku Fupi

"Sasa mtamshukuru nani?"

Mama aliniuliza hivyo kwenye simu. Nilikuwa nimemwambia kwamba mwaka ule sitakwenda kanisani Krismasi. Tungesherehekea kwangu, kwenye maghorofa ya Flemingdon Park huku ughaibuni, siku iliyo fupi kuliko zote katika mwaka, ambayo baada yake jua huanza kurudi: pilau, mishumaa, marafiki, bila sala. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu juzijuzi, na kwa kila jambo nilidai ushahidi.

"Jua halihitaji kushukuriwa, mama. Linarudi lenyewe."

"Basi semeni mmepika pilau. Msiseme mna sikukuu."

Nilimwomba aje hata hivyo. Nilitaka aone kwamba sijapotea, kwamba meza yangu bado ni ya nyumbani. Alisema kutoka kwake Malvern ni mbali, theluji inakuja, na atakuwa amechoka kuwainua na kuwaogesha wazee wa watu kutwa nzima. Lakini hakusema haji.

Siku yenyewe, mchana uliisha kabla sijamaliza kukaanga vitunguu. Bonde chini ya dirisha likawa shimo jeusi. Theluji ilipita kwenye kioo kwa ubavu, kana kwamba haikusudii kutua popote. Nilimpigia mama, simu iliita mpaka ikakatika.

Wageni walikuwa wachache, wote tumekulia kwenye familia za watu wa sala. Tulipokaa, hakuna aliyegusa sahani. Kila mmoja alimsubiri mwenzake afumbe macho.

"Mwenye nyumba, sema kitu," alisema rafiki yangu Mrundi. "Hata 'moja, mbili, tatu' inatosha."

Tulicheka, na kicheko kikaisha haraka mno. Nikaongeza sauti ya muziki.

Katikati ya chakula, yule rafiki akainua kidole. "Kuna mtu anaita."

"Lifti hiyo," nilimjibu. "Baridi ikizidi huwa inalia."

"Lifti gani ina sauti ya mwanamke?"

"Kula wewe. Ukishiba utasikia na malaika."

Muda si mrefu, mwanga mwekundu ukaanza kuzunguka kwenye dari. Gari la wagonjwa lilikuwa limesimama chini, jambo la kawaida kwenye majengo yetu. Tulichungulia, theluji ikatuziba macho, tukarudi mezani. Mtu alikuwa ameweka koti kwenye kiti nilichomwachia mama. Nikamwambia alitoe.

Kesho yake mama alipokea simu. Amevunjika mkono, alisema. Aliteleza kwenye ngazi za kanisani. Nilijua jioni ile hapakuwa na ibada, nikamuuliza alikwenda kufanya nini.

"Kusalimia," akasema, akaniuliza kama pilau iliiva vizuri.

Miaka ilipita. Aliyeniambia ukweli ni mama mdogo, mdogo wake mama, tukimenya viazi jikoni kwake, tena akidhani nilishajua. Mama hagongi mlango wa mwanawe; kwake yeye, wagonga milango ni polisi. Mtu wa nyumbani hupiga hodi, na hodi zikifika tatu bila "karibu", huondoka, asije akalazimisha. Jioni ile mpangaji mmoja alimfungulia mlango wa chini, akapanda mpaka kwangu. Alipiga hodi zote tatu. Kisha akashuka, na ngazi alizoteleza zilikuwa za jengo letu.