Ukurasa wa Mwisho wa Ripoti ya Kuku

Pa! Halafu kimya kidogo, halafu pa! tena. Mlango wa ile pikap nyeupe haukukubali kufungwa mara moja. Dereva aliubamiza, ukarudi, akauinua kidogo kwa goti, akaubamiza mara ya pili. Miaka ya tisini imeenda zake, lakini mlango huo bado nausikia vile ulivyolia nje ya duka letu la kupiga chapa pale Thika, nami nikajua Daktari amefika.

Hakuwa daktari wa sindano. Alikuwa mwalimu wa chuo kikuu, mtafiti wa kuku. Ripoti zake alizileta kwa mwandiko wa kalamu, na mimi, niliyeishia kidato cha pili na kozi ya miezi sita ya taipureta, nilizipiga chapa kwa Kiingereza ambacho nusu yake sikukielewa. Nilimpenda bure. Aliniletea mandazi ya moto na kuniita "sekretari wangu."

"Siku moja nitakutoa hapa," aliniambia, "ufanye kazi chuoni, kwa ofisi yenye zulia."

Mimi nilikuwa nimeshachagua rangi ya hilo zulia.

Jumamosi moja nilienda Mwihoko, upande wa Ruiru, kumsalimia tata, dada mdogo wa mama yangu. Tata alikuwa na kuku themanini wa gredi, wale wa mayai, nyuma ya ploti. Kikundi chake cha akina mama kilikuwa kwenye majaribio: walipewa chakula kipya cha kuku bure, na kila wiki mwanafunzi wa chuo alikuja kuandika mayai kwenye fomu.

"Wanataga, tata?"

"Leo wanataga, kesho wananiangalia tu. Lakini mimi najua nini, kairitu, msichana wewe? Tunangoja ripoti ya chuo kikuu. Ikisema ni kizuri, tunatia sahihi na kampuni mwaka mzima, kile cha zamani tunaachana nacho."

"Na kuku wakikataa katikati ya mwaka?"

"Ai! Hiyo ni ripoti ya wasomi, wewe. Si maneno ya mtu anayeuza."

Kabla sijamjibu, nikasikia kutoka getini: pa! Kimya. Pa!

Nikajiambia pikap zenye milango mibovu ni nyingi. Nikaenda nikachungulia kwenye tundu la mabati. Dereva ni yule yule, anashusha magunia yenye picha ya kuku na jina la kampuni. Na kiti cha mbele, suti na tai, Daktari wangu. Badala ya kwenda kumsalimia nilijificha nyuma ya tangi la maji kama mwizi wa nguo kambani. Kwa nini nilijificha mimi na si yeye, mpaka leo sijui.

"Hiyo gari ni ya chuo?" nilimuuliza tata walipoondoka.

"Ya chuo wapi! Ni ya kampuni. Daktari hupewa lifti tu."

Lifti tu. Tangu hapo kila kitu kilianza kuninukia. Ile kalenda ya kuku aliyotuwekea kwenye ukuta wa duka, ilitoka wapi? Na kalamu yake yenye rangi za kampuni? Hata mandazi niliyageuza geuza mkononi nikijiuliza ni ya nani hasa. Niliyala, lakini nikijiuliza.

Wiki iliyofuata Daktari alileta ripoti ya kikundi cha tata, na chini yake barua fupi ya kupigwa chapa pia. Barua iliishukuru kampuni kwa kumfanya mshauri wao na kwa gari. Alizileta kwenye faili moja, waziwazi, kana kwamba mimi ni vidole tu, sina macho. Niliisoma ripoti polepole, na kamusi pajani. Ilisema chakula ni kizuri. Pengine ni kizuri kweli. Pengine mayai yalihesabiwa sawasawa. Mimi ningejuaje? Ila tata naye hangejua, na yeye ndiye mwenye kuku.

Sasa, kila ripoti ya namna hiyo iliisha na ukurasa wa tamko, ambapo mtafiti anasema kama ana uhusiano na mwenye bidhaa anayoichunguza. Hakuna mteja aliyewahi kutuandikia ukurasa huo. Mwenye duka alinifundisha kuupiga chapa mapema, siku ambazo kazi ni kidogo, nikaweka nakala nyingi kwenye droo: "Mtafiti hana uhusiano wowote na kampuni husika." Tunaubandika nyuma, mteja anatia sahihi, basi. Nilikuwa naringia hizo nakala, zilivyonyooka. Siku hiyo nilizitazama nikashtuka. Daktari hakuwahi kusema hana. Mimi ndiye niliyemsemea, kabla hata hajafika.

"Mama," nikamwambia mwenye duka, "si tumuulize kwanza?"

"Tumuulize nini? Umekuwa polisi? Weka ile ya kawaida, anachukua saa tisa."

"Lakini anabebwa na gari ya kampuni."

"Na wewe umekalia kiti changu. Kikalie vizuri."

Akachukua mkoba wake akaenda chakula cha mchana.

Nilikaa nikimfikiria tata na wenzake kwenye viti vya plastiki, katibu wao, mwalimu mstaafu, akiwatafsiria ripoti neno kwa neno mpaka ukurasa wa mwisho. Nililifikiria na zulia langu pia, sitadanganya.

Nikatia karatasi safi kwenye mashine. Nikapiga chapa: "Uhusiano wa mtafiti na kampuni." Baada ya hapo nikapiga nukta, nukta, nukta, mistari mitatu mizima hadi ukingoni, ajaze mwenyewe kwa kalamu, na chini yake nafasi ya sahihi. Nikaitoa, nikaipanga nyuma ya ripoti, mahali pa ile ya kawaida, kabla mwenye duka hajarudi.