Vema kwenye Kila Chuma

Pikipiki yangu ilipotimiza siku mbili tangu itoke dukani, niliifungua. Nilitandika mkeka uani kwetu Ruaruke, nikapanga vyuma kimoja kimoja kwa jinsi vilivyotoka, kisha kwa ncha ya msumari nikakwaruza alama ya vema juu ya kila kimoja: plagi, kabureta, cheni, mpaka viatu vya breki vilivyojificha ndani ya gurudumu la nyuma. Mimi ni mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, na vema ndiyo saini yangu. Jirani alichungulia juu ya ua wa makuti akacheka, "Mwalimu, leo unasahihisha pikipiki?" Nikamjibu kwamba nasahihisha kabla mtihani haujaibwa.

Sikuwa na wazimu. Karibu kila mtu wa Kibiti anayo hadithi ya kupeleka pikipiki nzima kwa fundi na kurudishiwa yenye kikohozi. Wanasema plagi yako mpya inatolewa, inawekwa ya mtu mwingine iliyochoka. Sijakutana na aliyeona kwa macho yake, lakini lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Duka la wakala niliponunua lilikuwa na karakana yake kwa nyuma, na mlangoni wamebandika karatasi: mteja haruhusiwi kuingia. Mtu asiyeiba anafunga mlango wa nini? Swali hilo nililibeba siku ya kwanza, na sikulitua kwa muda mrefu.

Fundi wa hapo dukani alikuwa mtu wa makamo, mgeni kutoka bara, mwenye ovaroli ya bluu na maneno machache. Uchache wa maneno yake niliuhesabu kuwa ujanja. Sevisi ya kwanza alipoyaona makwaruzo yangu hakuuliza, aliniambia tu kwamba pikipiki ikiwa na waranti haifunguliwi nyumbani. Nikamwambia pesa iliyoinunua haikuwa na waranti.

Tabia hii nimeirithi. Marehemu baba alikuwa fundi wa mashua Kiongoroni, kule mikono ya Rufiji inakomwagikia baharini, na kwetu kule kuna jambo moja lisilohojiwa: chombo chako unakipaka mafuta wewe mwenyewe. Unaweza kuita watu wakusaidie kukivuta hadi nchi kavu, unaweza kuazima nyundo na patasi ya jirani. Lakini sifa, yale mafuta ya maini ya papa yanayopakwa kwenye mbao ili maji ya chumvi yasizile, humwachii mtu mwingine akupakie. "Atakayezama ndiye apake," baba alikuwa akisema, huku mikono imemlowa mpaka kwenye viwiko. Harufu yake haisemeki. Ilikaa kwenye shuka, kwenye kofia, na hata siku ya Idi, baada ya kuoga na kujipaka manukato, baba alinuka papa aliyejipaka manukato.

Alipofariki, mimi na mama tulihamia Ruaruke nilikopangiwa kazi. Ndugu za baba hawakutusahau. Kila wiki wanatuletea kikapu cha samaki kwa boti mpaka Nyamisati, na mara mojamoja dumu dogo la sifa, sijui kwa kazi gani, maana hatuna hata mtumbwi. Mimi ndiye ninayekwenda kukipokea kikapu. Nakifunga nyuma ya kiti, na njia nzima ya kurudi maji ya chumvi yanachuruzika juu ya gurudumu. Miezi mitatu haikupita, kutu ikaanza.

Basi nikafanya alivyofanya baba. Kila Ijumaa nikitoka kuswali, nilivua kanzu, nikachukua kitambaa na dumu, nikaipaka pikipiki sifa kuanzia juu mpaka chini. Niliipaka cheni, nyaya na bolti. Pale mkono wa breki unapoingia ndani ya gurudumu palikuwa na kutu nyingi kuliko popote, kwa hiyo hapo nilidondoshea matone ya ziada. Majirani waliziba pua. Mama alikuwa akikaa kizingitini na ungo wake wa mchele, akichambua taratibu, na kwa mtu mwepesi wa kulalamika kama yeye nilishangaa kwamba hakuwahi kusema neno.

Lazima nieleze habari ya mama, maana bila yeye pikipiki ile ingekuwa chuma tu. Mama ana presha. Kila mwezi anatakiwa hospitali ya Mchukwi apimwe na apewe vidonge vya mwezi mwingine, na vidonge hivyo havina mchezo. Aliwahi kuvikosa wiki moja akaanguka jikoni. Bodaboda hapandi. "Simjui ameamkaje," husema, na mjadala umekwisha. Hupanda kwangu peke yangu, upandeupande, khanga imefungwa vizuri, mkono mmoja kiunoni mwangu. Kwa hiyo nilipokuwa nikilinda vyuma vile dhidi ya fundi, moyoni nilikuwa namlinda mama.

Sevisi ya pili nilikaa kwenye benchi la nje, mahali ambapo bati limeachana na ukuta, nikamchungulia fundi kwa jicho moja kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Alitoka akijifuta mikono.

"Mwalimu, kuna jambo kwenye breki ya nyuma. Nimesafisha, lakini—"

"Umebadilisha nini?"

"Sijabadilisha kitu."

"Basi nipe pikipiki yangu. Usinipotezee muda."

Akachukua kalamu, akaandika kwenye kadi yangu ya sevisi, akanikabidhi. Niliisoma palepale, safu ya vifaa vilivyobadilishwa tu. Alikuwa amepiga mstari: hakuna. Nikaisokomeza kadi chini ya kiti. Nilipofika nyumbani nilichomoa plagi, nikaikuta na vema yake. Nikaangalia kabureta, nayo hivyohivyo. Niseme kweli, nilisikitika. Nilitaka sana kumkamata mtu yule. Gurudumu la nyuma tu sikulifungua, kwa sababu kulitoa ni kazi ya nusu siku, na nilikuwa na madaftari ya kusahihisha.

Wiki tano baadaye nilimpakia mama kwenda Mchukwi. Kabla ya kuikuta lami, njia yetu ina mteremko mfupi wa changarawe, na chini yake ndipo mabasi ya kusini yanapopita bila kuuliza. Nilikanyaga breki ya nyuma. Kanyagio likashuka, pikipiki haikushika. Nikakanyaga tena kwa mguu mzima, ikateleza tu kama ninayekanyaga sabuni. Breki ya mbele kwenye changarawe nikaiogopa, maana ingetupindua. Basi lilikuwa linakuja, nasikia honi yake. Nikakata usukani kuingia kwenye shamba la mihogo, tukavunja mashina kadhaa, tukaanguka ubavu.

Mama alikuwa amekaa chini, kandambili moja haipo, khanga imechanika, akiitazama barabara ambako vumbi la basi lilikuwa bado halijatua. Hakuumia zaidi ya kuchubuka kiwiko. Nilimwita, "Mama, mama," kama mtoto.

Akasema, "Weye hiki chombo kakishika nani?"

"Fundi wa dukani, mama. Ameniibia breki."

"Basi miye sipandi tena mpaka nijue." Akaokota kandambili yake. Siku hiyo mtu mwenye bajaji alitusitiri mpaka Mchukwi, mama akapewa vidonge vya mwezi mmoja, na bajaji nayo akaapa kwamba harudii, imemtingisha mno.

Hasira niliyokuwa nayo sijawahi kuwa nayo tena. Sikuwa na haja ya ushahidi. Niliwaambia walimu wenzangu ofisini, nikawaambia wanywa kahawa sokoni Kibiti, nikamwambia kila mwenye pikipiki aliyesimama kunisalimu: yule fundi anatoa viatu vya breki vizima, anaweka vibovu, nusura aniulie mama. Mwenzangu mmoja alikuwa apeleke pikipiki yake kesho yake, akaghairi mbele yangu. Nilijisikia nimefanya wema.

Jumamosi moja, vidonge vikiwa vimebaki vya siku nne, nilitandika mkeka uani nilitoe gurudumu. Nilitaka nivichukue vile viatu bandia, nivitupe juu ya meza ya muuzaji. Mama alikuwa kizingitini na ungo wake, akingoja kumjua mwizi. Nililitoa gurudumu, nikalifungua, na kabla sijaona kitu ikanijia harufu. Ilikuwa harufu ya Kiongoroni. Ndani kulikuwa kumelowa, kunang'aa, na viatu vya breki vimekunywa mafuta mpaka vimekuwa vyeusi. Nilivifuta kwa kitambaa. Juu ya kimoja kulikuwa na vema. Juu ya cha pili kulikuwa na vema. Zilikuwa za mkono wangu, na mkia mrefu kama ninavyouvuta kwenye madaftari.

Niliuona mkono wangu mwenyewe Ijumaa baada ya Ijumaa, ukidondosha yale matone ya ziada pale penye kutu, nayo yakipenya taratibu ndani. Mbao hunywa sifa zikaishi miaka. Breki ikiinywa, haishiki tena. Jambo hilo angelijua mtoto yeyote wa gereji, lakini si mwana wa fundi wa mashua.

Ndipo nikakumbuka kadi. Niliitoa chini ya kiti, imekunjamana, nikaisoma yote kwa mara ya kwanza. Chini kabisa, sehemu ya maelezo, mwandiko mzuri kuliko wangu ulisema: "Breki ya nyuma imeingia mafuta ya samaki. Nimesafisha. Mwenyewe asipake tena, ni hatari kwa abiria." Mimi ninayewapigia makelele wanafunzi kila siku kwamba someni swali mpaka mwisho.

"Umemwona?" mama akauliza.

"Nimemwona," nikasema. Sikumtaja, na yeye hakunikazania, akaendelea kuchambua.

Wazo la kwanza lililonijia halikuwa zuri. Nilifikiri kuosha viatu kwa petroli, kuvisugua kwa msasa na kufunga kimyakimya, maana nani angejua? Nikavisugua kweli. Nikafunga, nikajaribu njiani peke yangu. Ilishika mara mbili, ya tatu ikateleza. Nikamfikiria mama amekaa upandeupande nyuma yangu, na basi linakuja. Nikawasha, nikaenda dukani polepole mno, miguu ikiburura ardhini.

Fundi alikuwa amekaa nje, hana kazi. Nilimpa kadi, na kidole nimekiweka juu ya mstari wake.

"Nilikuwa sijaisoma," nikasema.

"Najua."

"Viatu ni vilevile. Vina alama yangu."

"Alama niliziona tangu sevisi ya kwanza, mwalimu." Akainuka, akachukua spana. "Watu watano waliokuwa wanakuja kwangu sasa hawaji. Wewe ni mwalimu, ukisema watu wanaamini."

Nilimwomba radhi, naye aliipokea kwa kichwa tu, bila kunirahisishia. Akaniambia breki itachukua mpaka jioni, na kwamba nikitaka naweza kuingia ndani nikaangalia. Ule mlango wenye karatasi aliufungua yeye mwenyewe. Sikuingia. Nilikwenda sokoni kwenye kahawa, kwa watu walewale, nikawaeleza kisa chote pamoja na dumu la sifa. Walicheka mpaka mmoja akamwaga kikombe, na tangu siku hiyo wananiita Papa. Jina hilo nimelistahili, na nawaachia walifaidi.

Nisidanganye kwamba nimekuwa mtu mwingine. Nikiiacha pikipiki pale, bado shingo inanigeukia kwenye lile bati lililoachana na ukuta. Ila sasa nasoma kadi mpaka chini.

Siku ya vidonge ilifika. Mama alitoka na khanga mpya, akasimama mbali na pikipiki kama anayetazama mbwa wa watu.

"Breki kafunga nani?"

"Fundi wa dukani."

"Na ile ya kwanza, aliyeiharibu?"

Nilikuwa nimejitayarisha kwa mengi, lakini mbele yake nikapata moja tu. "Ni mimi, mama. Ni ile sifa."

Alinitazama, akaitazama pikipiki, kisha akapanda, mkono kiunoni. Tulikwenda hivyo mpaka kwenye ule mteremko wa changarawe. Mashina ya mihogo tuliyoyavunja yalikuwa yameanza kuchipua. Nilikanyaga breki, nayo ikashika, tukasimama hatua kadhaa kabla ya lami. Basi lilikuwa linakuja, nikalingoja lipite. Mama akainama karibu na sikio langu.

"Leo haina harufu ya baba yako," akasema. "Miye nilikuwa napanda kwa sababu ya ile harufu."

Basi likapita. Mkono wake ulikuwa bado kiunoni mwangu, ukinishika kwa nguvu kuliko siku zote, nami nikavuka taratibu kuelekea Mchukwi.