Nilimfuta Namba Kumi na Saba

Siku ya tatu, damu ya namba kumi na saba ilikuwa bado imejaa dawa. Wenzake ishirini na watatu, dawa ilishawatoka tangu juzi yake.

Mimi ni mtu wa takwimu. Dawa ya kifua ilikuwa imejaribiwa nchi za mbali, sasa ikaletwa kwa watu wazima wa kwetu wenye afya njema. Wanameza, wanatolewa damu, mimi nalinganisha makundi mawili, la kule na la kwetu. Tofauti ikibaki ndani ya mipaka iliyowekwa, dozi inakuwa ileile ya kule.

Namba kumi na saba akiwemo, mpaka unavukwa. Akitoka, mambo safi.

"Bosi, huyu vipi?" nikauliza.

"Chupa zimechanganywa hizo. Mtoe."

"Ushahidi?"

"Unataka turudie utafiti mzima kwa sababu ya kichwa kimoja?"

Nikamfuta. Nikaenda kula.

Mwaka uliofuata mama akaugua kifua, akaandikiwa dawa hiyohiyo.

"Meza tu mama, hii naijua," nikamwambia. Nilijisikia fahari, sifichi.

Wiki ya sita akawa anaacha kandambili njiani, anatembea peku na habari hana. Nikamtania kwamba uzee umepiga hodi.

Mdogo wangu akaja kumjulia hali. Akaliokota boksi la dawa mezani.

"Dada, hii si ndiyo niliyomeza kwenye ule utafiti? Ilinilaza siku tatu!"

"Utafiti gani?"

Akatoa kadi kwenye waleti. Kumi na saba.

"Sikukwambia, ungenikataza."

Sikulia. Nilimuuliza kama ameshakula.

Chupa hazikuchanganywa. Ni damu ya ukoo wetu, dawa inaingia na haitaki kutoka. Mdogo wangu alimeza mara moja. Mama alimeza kila siku, wiki sita.

Daktari akaisimamisha. Alisema mishipa ya fahamu ya miguuni huenda ikapona, huenda isipone. Nikawaandikia waliopitisha dawa, nikaeleza nilichofanya. Kazi yangu ikaishia hapo, na hata hilo halikuniuma.

Ndugu msomaji, wastani haumezi dawa, anameza mtu. Ukiona mmoja amekaa mbali na wenzake, mtafute kwanza umjue, ndipo uamue.

Siku hizi kila asubuhi namkanda mama miguu. Jana nilikuwa nimeshamkanda robo saa nzima, yeye anatazama dirishani.

"Mwanangu," akasema, "mbona huanzi?"