Goti la Fundi Baiskeli

Jirani yetu fundi baiskeli hutembea kwa vituo. Akitoka sokoni jioni, anapanda mwinuko akichechemea, kisha anasimama na kulikanda goti lake kwa vidole vyeusi vya grisi. "Goti inanisumbua, Mama Djamila," ananiambia. Nyuma yake mbwa wake mzee, ambaye mtego wa porini Lusangi ulimkata mguu mmoja wa mbele, hujilaza na kuhema. Fundi haondoki mpaka mbwa ainuke mwenyewe. Baraza lake lina saruji yenye utelezi, basi amelitandika vipande vya tairi kuukuu hadi kwenye gunia analolalia mnyama. Adhana ikilia, ananawa hadi viwikoni, anabadili kanzu, anakwenda msikitini.

Watu humwuliza, "Imbwa ya miguu tatu unafugia nini?" Yeye hucheka nao, kisha anaulizia dawa ya goti. Msimu huu wa mvua nimempa majani ya mbarika mara nyingi. Jana nilipiga hodi uani kwake, mvua ikaimeza sauti yangu. Nilimkuta amechuchumaa kama kijana, anayapasha majani yangu motoni, anayapuliza yasiunguze, anayafunga kwenye bega la mbwa, lile moja linalobeba mzigo wote. "Pole, muzee wangu. Kidogo tu."

Nilirudi kabla hajaniona. Leo nimempelekea fungu kubwa zaidi la majani. "Ya goti," nikamwambia. Aliyapokea kwa mikono miwili, akaingia ndani mbiombio, akasahau kuchechemea.