Jiko la Bi Somoe

Unga wa makopa ya muhogo una harufu ya uchachu ambayo wageni huikunjia pua. Mimi nikiisikia, hadi leo, njaa na hasira hunipanda kwa pamoja. Masika moja ya miaka ya tisini, pale Mahurunga, chakula kilipungua, na nyumba zote za mtaa wetu zikawa zinakula jioni kwa Bi Somoe, shoga wa mama. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kila mwanamke aliingia jikoni peke yake na kapu lililofunikwa kwa kanga, akamimina unga kwenye pipa, akatoka. Ilikuwa mwiko kumchungulia mwenzio. Aliyeleta kingi na aliyeleta kibaba walimega ugali mmoja, nasi watoto tulijiona ndugu.

Mwaka ule nguruwe walikuwa wamemaliza mihogo yetu, na baba alikuwa mgonjwa. Kapu letu lilikuwa na kisamvu kitupu. Mama alimweleza Bi Somoe peke yake, mimi nikiwa nimeshika upindo wa kanga yake. "Ingia tu, shoga yangu," Bi Somoe alimjibu. "Hili nalifukia hapahapa." Nilimpenda mwanamke yule kama mama yangu mdogo.

Jioni moja mwanawe alimpokonya bibi mmoja dagaa mkononi. Mama akamkanya, kama mzazi yeyote wa mtaa ule. Bi Somoe akasimama, mwiko mkononi. "Umkanye mwanangu wewe? Unga gani umeleta hapa tangu mvua zianze? Majani matupu, na wanao wanashiba." Mikono yote ilisita kwenye sinia. Hakuna aliyetutetea, hata wale waliozoea kutuita tukae karibu yao. Mama alinawa, akatuinua, tukaondoka. Kesho yake tulikwenda porini kuchimba mizizi ya ming'oko, naye akichimba akasema polepole, "Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe."

Siku hizi nafanya kazi Mtwara mjini. Ofisini tunakula mchana pamoja, kila mmoja na hotpoti yake, na wenzangu ni watu wema. Mimi hubeba chakula cha kututosha sote, kisha nakula kidogo. Wananiita mkarimu, wala hawajui kwamba naogopa. Mama alishamsamehe Bi Somoe. Wakikutana huulizana hali za wajukuu. Mimi nimeshindwa. Idi iliyopita nilikwenda kumsalimu mama, na Bi Somoe akaniletea sinia la pilau. Nilimshukuru kwa heshima zote, nikamsindikiza hadi njiani, kisha nikarudi nikawamwagia kuku.